Shoka Nililolizungusha Kondele

Rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari aliponiambia nitembee naye Kondele, mtaa wa soko mjini Kisumu, jioni ile, nilipaswa kukataa. Shughuli iliyonileta mjini ilikuwa imekwisha: kununua shoka jipya. Kesho yake, kabla ya jua kuchomoza, mwanangu wa kwanza alikuwa anatoka kwangu kwenda kuanzisha boma lake. Kwa desturi yetu Wajaluo, baba ndiye humtangulia na jogoo mkononi, mwana akifuata na shoka, na baba huonyesha mahali pa nguzo ya kwanza. Mafundi walikuwa wameshaitwa, kwa maana nyumba hujengwa siku hiyo hiyo.

"Omera, ndugu yangu, Kondele unaipita tu, hujawahi kuiona," aliniambia. "Ione leo. Nitakupeleka nyumbani kwa gari langu."

Yeye anakaa Milimani, mtaa wa wenye pesa, na neno la mtu wa Milimani lilikuwa na uzito kwangu. Nikakubali.

Kondele yenyewe sikuiona; niliona migongo ya watu. Mitumba ilitandazwa hadi barabarani, spika za maduka mawili zikibishana, bodaboda zikipita penye miguu yetu. Rafiki yangu alisimama kwa kila muuza viatu, akisalimu kama mtu anayeomba kura. Mimi nyuma yake, shoka ndani ya gazeti, mpini umetokeza.

"Jaduong', mzee wetu, nani amekukosea leo?" akauliza mama muuza dagaa wa omena.

"Ananitafuta mimi," akadakia jirani yake. "Nilimuuzia samaki wa juzi!"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Jua lilikuwa linashuka, na makanga wa matatu walikuwa wanaita njia ya kwetu mbele ya uso wangu. Nilitaka kupanda. Nikaona aibu kumwacha mwenye gari.

Tulipofika kwake usiku, kumbe mkewe alikuwa ameondoka na gari hilo kwenda matangani, na matatu za kwetu zilikuwa zimekwisha. Mwanangu akapiga simu. "Baba, uko wapi?"

"Niko njiani," nikasema, nimeketi kwenye kochi la Milimani. Uongo huo ulikuwa wangu, si wa rafiki yangu.

Nilipofika asubuhi, jua lilikuwa limeshapanda na nguzo imesimama. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na jogoo kwapani. Mwanangu alishika shoka kuukuu la kuazima.

"Tulikungoja, Baba," alisema, bila kunitazama. "Wazee wakasema jua lisitukute."

Kwetu, ndugu wa baba huchukua nafasi hiyo baba akiwa kaburini.

Shoka langu bado liko chini ya kitanda, ndani ya gazeti lake. Nikienda kwa mwanangu hunipa kiti kizuri na soda baridi, kama mgeni. Mahali pa kujenga zizi, siku ya kuanza kupanda, hayo humuuliza mdogo wangu. Matembezi yale ya Kondele yalinigharimu nafasi yangu ya baba katika boma la mwanangu, na nguzo ya kwanza haisimamishwi mara mbili.