Nilimkana Kaka Yangu Wodini

Nimemkosea mtu niliyezaliwa naye tumbo moja, na kunyamaza kumenishinda. Jina langu msilitaje. Nikijulikana, nyumba yangu imekwisha!

Miaka ile ya foleni za sukari nilikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, huku Karatu. Mimi ni Mmasai wa Arash, ila nilisomea Mbulu tangu mdogo, Kiiraqw nakisema kama mwenyeji. Karatu nzima walijua mimi Mwiraqw. Hata mchumba wangu! Baba yake aliwahi kuporwa ng'ombe na Wamasai, akaapa hawatamwoa binti yake. Ningesemaje?

Siku moja tajiri mmoja akamleta mlinzi wake. Gongo ilikuwa imemla. Alipoikosa tu, akaanza kutetemeka na kupigana na vitu visivyoonekana. Nikaagizwa nimfunge kitandani. Nikamgeuza uso.

Mungu wangu! Kaka yangu!

Kiswahili hakukijua. Sista, muuguzi wetu mkuu, alimshauri kwa upole aache pombe, naye akaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, hata alipoulizwa jina.

Kisha akalia kwa Kimasai: "Waiteni wa rika langu. Wanipeleke orpul, kule porini tule nyama, ninywe supu ya mizizi, wakae nami mpaka kiu hii initoke. Peke yangu siwezi."

Sista akanigeukia. "Unaelewa anachosema? Kama ana ndugu, tuwaite watusaidie."

Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameniletea chakula.

"Sielewi hata neno, Sista," nikasema. "Kwani mimi Mmasai?"

Mchumba wangu akacheka. Na mimi nikacheka. Jamani, nilicheka!

Kaka akanitazama, mikono imefungwa. Akasema taratibu kwa lugha yetu: "Usiogope, mdogo wangu. Sitawaambia."

Kutetemeka kulipokwisha akaruhusiwa, akaenda moja kwa moja kilabuni. Wakati wa masika akaokotwa kando ya barabara inayopanda mlimani kwenda kreta, amekufa kwa baridi.

Wa rika lake walikuja hospitalini kuchukua maiti. Mmoja, asinitambue, akaniuliza kwa Kiswahili cha kubabaisha, "Kwa nini hapana ita sisi? Sisi tungechinja dume."

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hatukujua. Hata hapo, kwa Kiswahili!

Yule binti nilimwoa. Watoto wetu wanajiita watu wa Mbulu. Mama yangu yuko hai Arash, na sijaenda kumpa pole. Nikienda ataniuliza nilikuwa wapi mwanawe alipokuwa anakufa. Akilazwa Mmasai wodini, najifungia stoo mpaka zamu iishe. Kazi siwezi kuacha, ukweli siwezi kusema.

Ninyi mnaohudumia wagonjwa, nawasihi! Ukimsikia mlevi analia kwa lugha unayoijua, mwitikie. Waite watu wa kwao, waje na yale wanayoyaamini, wakae naye. Sindano na ushauri asiouelewa havikumtosha kaka yangu.

Itikia hapo hapo, ungali unaulizwa. Mimi siku hizi hakuna anayeniuliza.