Friji la Mafuta ya Taa, Kambini Ushongo

Jamani, leo nimemng'oa mtu jino, na kosa ni langu.

Friji letu hapa kambini ni la mafuta ya taa. Ule moto wa chini ndio unaoleta baridi.

Asubuhi nilikwenda Pangani kuswali Ijumaa. Narudi alasiri, nyama ya Bwana Mkubwa inanuka, moto umezimwa!

Nikamvamia Kombo, dereva wetu, aliyebaki kambini peke yake. Ngumi mbili za mdomo, chini.

Akatema damu. "Mpishi, nani huzima kila moto kabla ya kutoka?"

Loo.

Mimi. Ndivyo mama alivyonilea. Nilizima jiko, nikazima na friji.

Nimemwomba radhi. Sasa ananiita nimpelekee uji, na spana kaishika mkononi.

Nyie mngekwenda?