Waya Kwenye Enanga ya Rwezaura

Ndugu zangu, msimhukumu haraka Rwezaura wa Kamuli, kule Karagwe. Alikuwa na mdomo mchungu, ni kweli, ila vidole vyake viliijua kazi. Enanga yake, ala ya ubao uliochongwa kama hori dogo la ng'ombe, ilikuwa na kamba moja tu ya kano, iliyopita kwenye meno ya ubao huku na huku mara nane. Kwa kamba hiyo aliwasifu ng'ombe wa watu kwa majina. Hakuna binti aliyetoka kwao Kamuli kabla Rwezaura hajawataja ng'ombe wa mahari yake.

Mwaka 1954 Placidius, mfanyabiashara wa kutoka Bukoba, akaleta gramafoni dukani kwake Omurushaka. Rwezaura alikwenda kununua chumvi, akakuta watu wamejazana mlangoni, gitaa linalia ndani.

"Shikamoo mzee," alisema Placidius. "Njoo usikie muziki wa watu walioamka. Huu umetoka Kongo. Sisi Bukoba tunacheza dansi siku hizi. Ninyi Karagwe bado mnakwaruza hori."

"Marahaba. Kwani baba yako hakupiga enanga?"

"Alipiga sana. Sasa kuku wanakula pumba humo."

"Ndiyo mahali pake. Wapigaji wa kwenu huimba vita wasivyopigana, mbiombio kama wanakimbia mvua. Hata mimi ningewapa kuku."

Watu wakacheka. Placidius hakucheka.

"Jumamosi Kaijage anamwoza binti yake Deodatha," alisema. "Ameniomba niende na mashine. Na wewe njoo, mzee, kama utasikika."

Neno hilo likamwingia kama mwiba. Akarudi nyumbani, akaing'oa kamba ya kano, akafunga waya wa breki ya baiskeli.

"Baba Komujuni," mkewe Kokuberwa alimwambia, "ubao huu ni mzee kuliko ndoa yetu. Waya utaukata."

"Gitaa lina waya."

"Na hili si gitaa."

"Nyamaza. Unataka nizimwe na kasha lenye pembe?"

Jumamosi, uani kwa Kaijage, Rwezaura alianza kupiga kabla Placidius hajageuza mpini wa gramafoni. Sauti ilitoka kali, ikafika mpaka migombani, vijana wakageuka. Hapo angetosheka. Lakini alimwona Placidius akitabasamu, akakaza waya zaidi. Jino moja la ubao likakatika, tak! Likafuata la pili. Na kwa kuwa kamba ni moja, mistari yote minane ikalegea, ikalala ubaoni kama utumbo.

"Hori limeng'oka meno!" Placidius alipiga kelele. "Lipeni uji!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Gramafoni ikawashwa, vijana wakacheza, Rwezaura akakaa amekumbatia ubao wake.

Ng'ombe wa mahari walipoingizwa, Kaijage aliisimamisha mashine. Bibi harusi alikuwa ameketi amefunikwa, anangoja.

"Rwezaura, wataje," alisema Kaijage. "Mdomo mtupu unatosha. Mwanangu hawezi kutoka hivi hivi."

Majina anayo. Alikuwa ameyakusanya kwa wakwe wiki nzima, pamoja na mama zao na bibi zao. Na sasa ua wote ulikuwa kimya, unamngoja yeye, kama alivyotaka.

"Liambie kasha lile liwataje," alijibu.

"Usinifanyie hivi mbele ya wakwe!"

"Ulipoliita ulidhani linawajua ng'ombe?"

"Na wewe si nilikuita?"

"Uliniita nishindane na chuma."

Chini ya kitambaa sauti ya Deodatha ikatoka, ndogo: "Baba mdogo, wataje tu, niende."

Rwezaura akatazama ardhi.

Basi Kaijage akawataja mwenyewe, kwa sauti kavu kama anaita watu wa kodi. Akamwita Bihogo mtoto wa Gaaju, na sivyo. Akamsahau Mayenje kabisa. Wakwe wakainamisha vichwa. Rwezaura aliyasikia makosa yote mawili, ulimi ukamwasha, akaung'ata. Kisha akajitwisha ubao wake, akapita katikati ya ng'ombe, akaenda zake.

Hakuitwa tena. Tangu hapo kina baba wa Kamuli wakawa wanawataja ng'ombe wao wenyewe, vibaya vibaya, na Rwezaura akawa anawasikia kutoka mlangoni kwake.