Kengele ya Kaka Lukas

Juzi sokoni Mwanjelwa nilimwona mbuzi kafungwa kengele, nikanuna mpaka muuzaji akaniuliza, "Dada, huyu mbuzi kakukosea nini?"

Kwetu Nyololo, nikiwa mtoto, ilipoingia homa ya kuambukiza, ukitoka nyumba yenye mgonjwa uliita kwa mbali kabla hujafika kisimani, watu wakupishe. Kaka yangu Lukas alikuwa hasikii wala hasemi. Na mama yuko kitandani, anataka maji. Basi jumbe akamvika kengele ya mbuzi shingoni. Kamba yake ilinuka beberu. Mimi mtoto niliona kapewa pambo, nikamwonea wivu, nikamfuata nyuma. Wanawake walipokimbia na madebe yao nikadhani ni heshima.

"Beberu la Mama Lukas hilo, linakuja kunywa," mmoja akasema, wakacheka.

Mama alipoisikia kengele ikilia mlangoni aliinuka na homa yake, akaikata kamba kwa kisu.

"Wewe una mdomo," akaniambia. "Kesho umtangulie, uite wewe."

Niliita mpaka koo likauma. Walisikia vizuri kabisa, wakapisha, halafu wakamtupia Lukas mabonge ya udongo. Mimi, wa nyumba hiyohiyo, hakuna aliyenigusa.