Salamu Nilizozikata kwenye Fonie

Miaka ile ya vita nilikuwa nikishika fonie, redio ya kuongea na maboti, katika chumba kidogo kwenye bandari ya Bujumbura. Asubuhi ziwa lilikuwa jeupe, milima ya Kongo ikielea ng'ambo bila miguu, na sauti za watu nisiowajua zikija kunikalia masikioni. Hadi leo nikisinzia nazisikia.

Njia ya hewani ilikuwa moja tu, na wote tulikuwa humo. Kigoma hakumsikia Kalemie, wala Kalemie hakumsikia Kigoma, basi kila mmoja alidhani njia ni nyeupe na kuanza kusema. Sauti zikagongana, na sisi tuliowasikia wote wawili tuliambulia mluzi. Aliyekuwa mbali zaidi alipelekewa maneno na boti iliyo karibu naye, na hapo neno moja lilikula nafasi ya mawili.

Mimi ni mwanamke nisiyependa fujo. Nikachukua daftari, nikapima wiki nzima kila mtu anahitaji dakika ngapi, nikaona salamu zinakula zaidi ya nusu. Habari ya mama, ya watoto, ya mguu wa jirani! Nikapiga marufuku salamu, nikampa kila mtu zamu yake. Mluzi ukakoma. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi, aliyezoea kunigombeza kwa kungojeshwa, aliniletea hadi soda. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Kulikuwa na mama mmoja, mkimbizi kutoka Uvira, ambaye mumewe alikuwa fundi wa injini botini. Boti ile ilikuwa kimya siku nne, mama akija kila asubuhi chumbani kwangu kuuliza, na upande ule risasi zilikuwa zikilia. Siku ya tano ujumbe ukafika kupitia boti nyingine: injini imepona, wanangoja mazuti, yaani dizeli. Nikamwambia huku nikitabasamu. Akavua kitambaa cha kichwa, akaketi sakafuni kama mfiwa.

"Ule apana bwana yangu. Aseme mazuti mbele ya kuuliza batoto? Balishamuua, munanificha tu."

Niliona haya. Mume alikuwa hai, na mimi ndiye niliyemnyang'anya sauti yake. Nikawaomba wote wanyamaze, vituo na maboti, kisha nikaiambia ile boti iliyoleta ujumbe imwambie fundi asalimie apendavyo.

Ziwa zima likanyamaza. Sauti iliyokuja ilikuwa ya nahodha wa boti hiyo, mtu mgeni kwa mama, akirudia polepole maneno ya fundi: "Anauliza, ule mudogo, jino yake ilishatoka? Anauliza, mama yako anapata usingizi? Anauliza, ile kuku ya kilema bado iko?"

Mama akajifunika uso kwa kitambaa chake. "Ni yeye," akasema. "Mumuambie kuku iko."

Zamu ya dakika mbili ilifika kumi na saba. Iliyofuata ilikuwa ya yule wa mahindi, aliyekuwa akingoja mlangoni. Akasogea, akakohoa, akatazama daftari langu, akaniambia:

"Mama, mahindi ingoje. Mi uniulizie kwanza bibi yangu, mama ya watoto, kama alipona."