Sauti Kwenye Ukungu wa Melili

Miaka ile ya hamsini, nikiwa bado mtoto, tuliishi kwenye shamba la mzungu mmoja juu ya Mau Narok, chini ya kilele cha Melili. Wageni hudhani Bonde la Ufa ni joto tupu. Kule kwetu nyasi ziliamka nyeupe kwa baridi. Ukipita mashamba ya ngano, ukapita msitu wa mianzi, ulitokea mahali peupe ambapo upepo haukulala. Upande mmoja ardhi ilikatika ghafla, na chini kabisa uliona ziwa la Naivasha. Upande wa pili ni nchi ya Wamaasai, hadi macho yachoke.

Nyanya, mama yake baba, aliuogopa mlima huo.

"Ukiitwa kwenye ukungu usiitikie," alituambia, "hata kama sauti unaijua. Anayeitikia huchukuliwa."

Siku hiyo mama alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Nyanya alitutuma, mimi na dada yangu mkubwa Nyambura, tumpelekee baba githeri, mahindi na maharagwe ya mchana. Baba alichunga kondoo wa mzungu karibu na kilele. Nadhani nyanya hakutaka tumsikie mama akilia.

Tulikuwa tumeshatoka kwenye mianzi ukungu uliposhuka. Ilikuwa mchana, lakini sikuona hata miguu yangu. Kisha nikasikia, karibu sana, sauti ya mama.

"Nyambura!"

Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa ile aliyotuitia jioni tuingie ndani.

"Usiitikie," nikanong'ona, nimemshika nguo.

"Lakini ni mama." Akaitikia, "Ee, mama!" na akanitoka mkononi.

Niliketi papo hapo nikalia kimyakimya mpaka baba akanipata. Ukungu ulipoinuka tulimwona Nyambura ameketi kwenye ukingo wa genge, miguu inaning'inia juu ya bonde. Baba alimwendea kwa magoti, akamvuta kwa nyuma.

Nyambura hakuwa na hofu hata kidogo. "Mbona mmemfukuza mama?" alituuliza.

Tuliposhuka, wanawake walikuwa wamesimama nje ya nyumba yetu. Hakuna aliyetusalimia. Mama alikuwa amefariki mchana ule, yeye na mtoto. Nyanya alimtazama dada yangu kwa muda mrefu.

"Uliitikia," akasema.

Miaka mingi baadaye, tukimenya viazi jikoni kwa Nyambura kule Dundori, nilimwuliza kwa nini mama alimwita yeye peke yake. Kisu chake kikasimama.

"Alituita sisi sote," akasema. "Wewe ndiye uliyeitwa kwanza."

Mimi sikusikia. Huenda woga aliotufunza nyanya ndio ulioniziba masikio, na huenda ndio ulioniokoa na lile genge, simlaumu. Lakini hatukuwa na picha ya mama hata moja. Dada yangu amezeeka akiukumbuka uso wake vizuri, na mimi, nikijaribu, naona weupe wa ukungu tu.