Kamati Yaenda Lindi Kucheza Mpira

Na ijulikane kwa raia wote wa Mtwara, wenye viatu na wasio navyo, kwamba Mheshimiwa Ismaili Chinduli, Mwenyekiti wa Chama cha Mpira, Mlezi wa Magoli na Baba wa Filimbi, ametuongoza kwa hekima isiyopimika tangu siku aliyonunua koti.

Sifa nyingine haijapatikana, ingawa imetafutwa.

Alizaliwa Msimbati. Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga, naye alikuja mjini kubeba mawe ya kujengea bandari kama wenzake, akaishia kupima korosho dukani kwa Zainulabedin, pale Chikongola. Siku chama kilipoundwa, wachukuzi wa bandarini walikaa mchangani na kaptula zao. Yeye akatokea na koti. Wakamchagua kabla hajauliza mkutano ni wa nini. Kazi haikuwa na mshahara. Ilikuwa na chai, kiti cha mbele, na watu kusimama ukipita. Kwa mtu anayeshinda akifokewa juu ya mizani, hiyo ni pepo ndogo.

Kamati akaiteua mwenyewe: katibu, makamu wa katibu, mweka hazina wa hazina isiyokuwepo, mshika bendera, na wengine ambao hata vyeo vyao walivisahau.

"Mzee, huu si upendeleo?" aliuliza nahodha, Omari Nambunga, mchukuzi mwenye mdomo mpana kuliko mabega.

"Kwani mwanangu yumo?"

"Hayumo."

"Basi upendeleo uko wapi?"

Watu walicheka hadi wakashikana. Kamati nzima ilikuwa wapwa zake, watoto wa dada zake, na huku kwetu mali ya mtu huenda kwa mpwa, mwana hujitafutia. Walicheka, kisha wakainua mikono, wakapitisha. Ndivyo tulivyo.

Mwaka ilipofunguliwa bandari mpya, Lindi wakatualika tena kugombea kombe. Tulikuwa tumefungwa kila tulipokwenda. Safari hii wanachama wakamwambia Chinduli waziwazi: "Ukirudi mikono mitupu, mzee, uenyekiti basi." Koti likamlowa jasho. Akaapa kombe litakuja.

Zainulabedin akatoa lori lake bure. Asubuhi wachezaji walipofika, wakalikuta limejaa. Mbele, mwenyekiti na dereva. Nyuma, kamati, birika la chai, tenga la kuku, na godoro la mweka hazina.

"Sisi tunapanda wapi?" Omari akauliza.

"Uongozi hutangulia," Chinduli akajibu kutoka dirishani. "Ninyi mna miguu. Si ndiyo mnayochezea?"

"Mpaka Lindi, mjomba?"

"Nani mjomba wako? Wapwa zangu wamo ndani."

Wawili waliokuwa wameshaning'inia nyuma wakateremshwa, eti wanaificha bendera. Lori likaondoka kwa vumbi na vigelegele vya kamati.

Lindi, wenyeji walikuwa wamejipanga uwanjani, refa anatazama saa. Timu isipoingia, kombe linabaki. Chinduli akatazama barabara, barabara tupu. Akawatazama wapwa zake waliokuwa wakitafuna kuku, akauona uenyekiti ukimponyoka.

"Vueni kanzu," akasema.

Kilichofuata hakikuwa mpira. Makamu wa katibu kila alipopata mpira alisimama kumtafuta katibu ampe ruhusa. Mshika bendera hakuiachia bendera. Golini alikaa Chinduli mwenyewe, na koti lake, maana cheo hakivuliwi. Shuti la kwanza aliliinamia kwa adabu, likapita. La pili hakuliona. Mwishowe akina mama wa Lindi wakapiga kelele: "Inatosha jamani, ni watu wazima hao!" Refa, kwa huruma, akaacha kuhesabu.

Tuliporudi Mtwara, mkutano mkuu ulikaa mtaa wa Ufukoni. Omari akasimama.

"Anayetaka mzee aendelee, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Hata wapwa, waliokuwa wakichua magoti kwa mafuta ya nazi, walitazama chini. Uenyekiti ukaisha hapo hapo, na chai yake.

Lakini sisi ni watu wa heshima; mtu hafukuzwi bila kusikilizwa.

"Haya, mzee," Omari akasema, "sema neno. Ulikosea wapi?"

Chinduli akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Akasafisha koo.

"Lori lilikuwa dogo."